Ndumilakuwili Alipopanda Basi la Kayanga

Gazeti la katuni la Sani lilikuwa likifika Karagwe limechoka. Lilichapwa Dar es Salaam, likasafirishwa hadi Mwanza, likavuka ziwa usiku kwa meli ya MV Victoria na kushuka bandari ya Bukoba asubuhi. Pale likangoja basi la Kayanga, na basi la Kayanga la enzi hizo lilikuwa na hiari yake lenyewe. Kutoka Kyaka kupanda huku hapakuwa na lami, na kifurushi kilifungwa juu ya keria pamoja na magodoro na baiskeli. Likishuka hapa Omurushaka, jalada lilikuwa na rangi moja zaidi ya zile alizopaka mchapaji. Hakuna aliyelalamika. Habari za Bunge huchacha njiani, lakini vituko vya Ndumilakuwili havikuwahi kuchacha.

Siku hizi vijana wanaingia kwenye stesheneri yangu, wanapiga fotokopi ya vyeti vyao, na wakishalipa wengine huchelewa kuondoka. "Mwalimu, kuna katuni gani mpya ya maana?" Wananiuliza mimi kwa sababu wazazi wao niliwafundisha darasa la tatu, na wamesikia kwamba nina sanduku la katuni. Sanduku ninalo kweli. Ila jibu langu lina kipimo ambacho wao hawakukikuta. Hapa kwetu, kwa miaka mingi, katuni haikuwa kitu cha kujisomea. Ilikuwa kitu cha kusomewa. Mmoja alishika gazeti, kumi au ishirini wakatazama, na maneno yakatoka midomoni mwake kwa Kinyambo hata kama karatasini yalikuwa Kiswahili. Katuni iliyoshindwa kustahimili hali hiyo ilikufa siku ileile ilipofika, hata ikichorwa vizuri namna gani.

Mimi niliikuta desturi hiyo Kaisho, ambayo leo ni wilaya ya Kyerwa lakini wakati huo ilikuwa Karagwe tu. Kyerwa ilikatwa na kuwa wilaya mwaka 2012. Baba alikuwa katibu wa tawi la TANU. Ofisi ya tawi ilikuwa na meza moja, picha ya Mwalimu Nyerere, na msumari ukutani ambao magazeti ya Uhuru yalitungikwa. Wazee walifika jioni kama wenye shida ya kiofisi, lakini baada ya salamu mmoja lazima angeuliza: "Chakubanga amesemaje?"

Chakubanga alichorwa na Christian Gregory katika Uhuru kuanzia miaka ya mwisho ya 1960. Ni mtu wa chini, asiyejua mambo ya mjini, anayeingia mahali pasipo pake na kusema jambo ambalo wenye suti wanaliogopa. Ukumbuke Uhuru lilikuwa gazeti la chama. Ukurasa wa mbele ulitueleza kwamba mambo yanakwenda sawa, na huku ndani Chakubanga akawa anashangaa mbona sukari haipo. Baba, kwa cheo chake, alipaswa kututafsiria ukurasa wa mbele kwanza. Aliifanya kazi hiyo haraka haraka. Kisha aliligeuza gazeti, akaweka kidole kwenye mchoro, akakohoa, na sauti yake ikabadilika. Mzee aliyekuwa anasinzia akafungua macho. Wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipokuwa wanahamishwa kutoka kwenye vibanja vyao vya migomba na kupangwa barabarani, kulikuwa na mambo ambayo katibu wa tawi hangeweza kuyasema kwa kinywa chake. Chakubanga aliweza. Sidhani Gregory alijua kwamba kuna ofisi huko mpakani ambako mchoro wake ulitumika hivyo.

Watu wazima wengi wa wakati ule walikuwa ndio kwanza wanajifunza kusoma. Mradi wa kisomo chenye manufaa, ulioendeshwa na serikali pamoja na UNESCO kati ya 1967 na 1972, uliwekwa katika mikoa minne ya Kanda ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, yaani mkoa wetu kabla haujaitwa Kagera mwaka 1979. Vitabu vyake vilihusu pamba, kahawa, ndizi. Baadaye likaja gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, lililotolewa Mwanza. Katika vitabu hivyo somo lilianza na picha, kikundi kikajadili picha, ndipo maneno yakafuata. Bibi yangu alipitia njia hiyo. Mpaka anakufa hakuamini maneno yasiyokuwa na picha pembeni, na nikimkumbuka sasa naona alikuwa msomaji halisi wa katuni kuliko mimi: aliisoma picha mpaka ikaisha, ndipo akauliza, "Haya, hapo juu wameandika nini?"

Novemba 1978 daraja la Kyaka lilivunjwa. Jeshi la Idi Amin lilikuwa limeingia upande wa Missenyi, na sisi wa Karagwe tukakatwa na Bukoba. Chumvi ilikatika, mafuta ya taa yakakatika, na magazeti nayo yakakatika. Msumari wa ofisi ulibaki na matoleo ya zamani, na watu wakayasoma upya hadi Chakubanga akajulikana kwa moyo kama katekisimu.

Sani ilikuja na ulimwengu mwingine. Ilianzishwa katika miaka ya 1970 na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na ilipofika miaka ya 1980 ndiyo ilikuwa shule ya wachoraji wa nchi hii. Philip Ndunguru alichora humo. Alifariki angali kijana, katika miaka hiyohiyo ya 1980, lakini mkono wake unauona hadi leo kwa waliomfuata. Humo walikaa Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Komredi Kipepe na Madenge. Hawa hawakuwa watu wema. Ndumilakuwili ni mnafiki wa kuzaliwa, anayemwambia huyu hivi na yule vile, na kila mara anadhani safari hii hatakamatwa.

Nkwenda kulikuwa na kinyozi mmoja aliyeelewa biashara. Kila toleo alilitoboa ubavuni kwa msumari, akalishona kwa uzi uliochomolewa kwenye gunia la kahawa, kisha akalifunga kwenye mguu wa benchi kwa kamba ndefu kiasi cha kumfikia aliyekaa mwisho. Ukitaka kusoma, nyoa. Ukiwa huna nywele, mlete mtoto. Msimu wa kahawa, watu wakiwa wamelipwa, benchi lile halikuwahi kuwa tupu, na nusu ya waliokaa walikuwa wameshanyolewa wiki hiyohiyo.

Niliwahi kuwa msomaji pale nilipokuwa nimerudi likizo, kwa hiyo kazi yenyewe naijua. Kwanza unasoma boksi lote kimya, haraka, ujue linaelekea wapi. Halafu unaligeuza gazeti liwatazame watu, wewe unabaki unaliona kinyumenyume, kidole kikiwa juu ya anayesema. Unatoa sauti yake. Unasimama. Hapo ndipo msomaji mzuri hutofautiana na mbaya, kwa sababu kati ya boksi moja na jingine kuna ufa mweupe, na katika ufa huo watu wanataka kusema. "Huyo anadanganya." "Mwangalie mke wake macho." "Ananaswa, ananaswa." Ukiwahi kugeuza kabla hawajasema, umewanyima nusu ya hadithi. Ukichelewa, kinyozi mwenyewe anaacha mkasi na kuja kuangalia.

Na sauti ilikuwa muhimu. Ndumilakuwili wa Dar es Salaam alikuwa mtu wa Dar es Salaam. Wa Nkwenda alisemeshwa kwa ile sauti laini ya wanunuzi wa butura, wale wanaokuja migomba ikiwa na njaa, wakanunua kahawa ingali maua mtini kwa bei ya kutupa, huku wakimwita mwenye shamba "mzee wangu". Butura ilipigwa marufuku mara nyingi na haikuisha. Watu waliokuwa wamepoteza kahawa yao kwa njia hiyo walimcheka Ndumilakuwili hadi wakajishika mbavu, na mara nyingine mnunuzi mwenyewe alikuwepo palepale kwenye benchi, anacheka pia.

Kisha ukaja ugonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983, na katika miaka ile watu waliuita Juliana, jina la nguo zilizoletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Kwa hiyo sisi tulikuwa wa kwanza kufikiwa na vijitabu vya picha. Vilikuja vingi, vya mashirika ya kila namna, bure. Nilivigawa darasani, nikavigawa kanisani, vingine nikavikuta sokoni vimefungia karanga.

Nisiwe mchoyo wa sifa: Sara alikuwa mzuri. UNICEF walimtoa katika miaka ya 1990 kwa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, kwa filamu na vitabu vya katuni, binti wa kijijini anayetaka kusoma na mwenye tumbili aitwaye Zingo. Amechorwa vizuri, ana ubishi, anakosea, anakimbia. Wasichana wa darasa langu walimpenda, na wavulana walimpenda Zingo, ambaye haelimishi mtu yeyote. Lakini vile vingine, ambavyo sitavitaja, vilikuwa na mpango mmoja: kurasa za mwanzo kijana anacheza muziki, katikati anakonda, mwisho kaburi. Msomaji akiligeuza boksi la kwanza, watu wa benchi walishajua la mwisho. Katika ufa mweupe hapakuwa na la kusema. Na katika nyumba ambayo imezika watatu, nani anahitaji kuchorewa kaburi? Niliona watu wazima wanavipokea kwa heshima, mikono miwili, na kuviweka juu ya kabati visifunguliwe tena.

Mwaka 1994 nilijifunza upande mwingine wa michoro. Wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mto Kagera, na kambi zikafunguliwa Chabalisa, Omukariro, Kagenyi na kwingineko, hadi walipoondoshwa Desemba 1996. Kwa wakati huo wilaya yetu ilikuwa na wageni ambao miongoni mwao walikuwa waathirika wa mauaji ya kimbari na pia waliofanya mauaji yale. Ndipo nikasikia habari za Kangura, gazeti la Hassan Ngeze. Halikuwa gazeti la katuni, lakini lilichora sana, na liliwachekesha wasomaji wake. Baadaye mahakama ya kimataifa kule Arusha, katika kesi ya vyombo vya habari iliyohukumiwa Desemba 2003, iliujadili kwa kina ukurasa wa mbele wa toleo la 26, wenye picha ya panga na swali la silaha gani itumike. Najua desturi ya kusomeana ninayoisifu hapa ilikuwepo na kule ng'ambo ya mto. Mtu mmoja ameshika gazeti, ishirini wanatazama, wanacheka pamoja. Sina namna ya kulifanya jambo hilo liwe jepesi, nami silijaribu.

Vitabu vya katuni hasa, vyenye mgongo na jina la mwandishi, vilitupita kando. Nairobi ilikuwa mbele yetu. Lila Luce alianzisha Sasa Sema mwaka 1996, na miongoni mwa vitabu vyake vya kwanza ni Abunuwasi cha Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mtoto wa Dar es Salaam aliyehamia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuchora katika Nation. Nilikipata kwa bahati, kwa padri aliyekuwa amekwenda semina. Hadithi za Abunuwasi kila mtu hapa anazijua tangu vitabu vya shule ya msingi, na nilidhani watoto watachoka. Nilikosa kukipata tena kwa muhula mzima, kilizunguka madarasa yote na kurudi bila jalada. Kujua mwisho hakukuwasumbua. Walitaka kumwona Abunuwasi anavyokunja uso. Sasa Sema ilichukuliwa na Longhorn mwaka 2007, na sijawahi kuona hata nakala moja ikiuzwa Kayanga. Duka la vitabu lenyewe hatuna. Tuna stesheneri, na mimi nikiwa na mojawapo nakiri kwamba rimu za karatasi ndizo zinazolipa kodi ya pango.

Sasa kwa hao vijana wanaosubiri jibu.

Lami kutoka Kyaka hadi Bugene imeshakamilika, gazeti la leo linaweza kufika leo, na ndiyo kwanza halinunuliwi. Vibonzo viko kwenye simu. Masoud Kipanya akichora asubuhi, saa nne watu wa Murongo wameshatumiana. Huyo ndiye ninayemtaja kwanza, kwa sababu panya wake ana ukali uleule wa Chakubanga na haubebi kwa fujo. Lakini angalia watu wanavyomsoma: kila mmoja peke yake, anapuliza hewa puani, anasukuma kwa kidole. Ufa mweupe umejaa tangazo la bando. Nikiwa na Kipanya mzuri huwa namchapa kwenye karatasi ya A3 na kumbandika mlangoni. Mara moja linatokea kundi, na mabishano huanza bila mimi kusema neno.

Anayetaka hadithi ndefu ya sasa atafute Shujaaz. Ilianza Kenya mwaka 2010 na Tanzania mwaka 2015. Ni ya bure, na ina ujumbe, kwa hiyo niliifungua nikiwa nimenuna. Imenishinda kuichukia. Wahusika wake wanahangaika na bodaboda, mtaji, kuku, wapenzi, na hawafi ukurasa wa mwisho kwa ajili ya kutufundisha. Lugha yake ni ya vijana wa mjini mno kwa benchi la Nkwenda, lakini msomaji hodari anaijulia.

Anayesoma Kiingereza au Kifaransa, na ana ndugu nje wa kumnunulia, aagize Madame Livingstone, ya mchoraji Barly Baruti wa Kongo na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 2014. Inasimulia Vita Kuu ya Kwanza kwenye Ziwa Tanganyika, rubani Mbelgiji anayetumwa kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, na Mkongo mmoja anayevaa sketi ya Kiskoti na kusema ni mtoto wa Livingstone. Meli hiyo ndiyo MV Liemba ya Kigoma. Vita hivyohivyo vilipiganwa na huku kwenye mto Kagera, Bukoba ikashambuliwa na Waingereza Juni 1915, na babu zetu wakabeba mizigo ya pande zote. Baruti anajua kuchora maji na jasho. Bei yake ni ya kuuza mbuzi, kwa hiyo nakala yangu haiazimwi. Inasomwa dukani, mikono ikiwa imenawa.

Ninachokosa kabisa katika sanduku langu ni katuni ya Karagwe yenyewe. Na malighafi tunayo ya kutosha. Novemba 1861 wasafiri wa Kizungu Speke na Grant walifika kwa Mukama, yaani mfalme, Rumanyika. Mguu wa Grant ukaoza kwa kidonda, Speke akamwacha na kwenda Buganda, na Grant akabaki hapa miezi kadhaa, mgonjwa, akichora. Picha za zamani kabisa za watu wetu zilizotoka katika kitabu, kile cha Speke cha 1863, zimetokana na penseli yake. Halafu kuna ng'ombe wa chuma wa Ndagara, baba yake Rumanyika. Na kuna ugomvi wa kiti: Ndagara alipokufa, wana watatu, Rumanyika, Nnanaji na Rogero, waliwekewa ngoma ndogo chini, kila mmoja ainyanyue. Speke aliandika alivyosimuliwa kwamba ngoma ilikuwa nyepesi kama unyoya lakini dawa iliifanya iwe nzito, na Rumanyika peke yake akaiinua kwa kidole kidogo. Boksi la kwanza Nnanaji, anatoka jasho. La pili Rogero, mishipa ya shingo. Kisha ufa mweupe, na uwaache watu wa benchi waseme.

Kijana mmoja wa sekondari hapa jirani ameanza kunichorea hiyo, kwa kalamu ya wino na karatasi zangu zilizoharibika upande mmoja. Ngoma ameipatia. Rogero amemchora mnene mno, kama mtu ambaye hata hakujaribu, nami nimemrudishia ukurasa aurekebishe: Rogero baadaye aliasi na kupigana na kaka yake, kwa hiyo lazima aonekane alitaka kweli.